Ritani ya Mama

Baba hakuwa mtu wa kungoja Juni, mwezi ambao saiba zote za mtaa wetu wa Mowlem, vile vyumba vya kompyuta za kulipia, hujaa watu waliochelewa kujaza ritani za kodi. Yeye alikwenda kila Januari, amevaa koti lake la kanisani. Tangu niajiriwe ukarani nilikuwa nikimwambia nitamjazia kwa simu, tukiwa tumeketi tu sebuleni.

"Usijisumbue, binti yangu," alinijibu kila mara. "Wewe una yako."

Baba ni mchongaji. Vijiko na bakuli zake zimelisha na kusomesha watoto wanne. Mwaka jana macho yalianza kumpa taabu, na Januari ilipofika akakubali nimsindikize, kwa sababu ya ngazi za saiba tu.

Msichana wa pale alimwekea kiti. "Karibu, mzee. Tuanze na yako ama ya mama?"

Nilidhani nimesikia vibaya. Mama tulikuwa tumemzika miaka sita nyuma.

"Yake kwanza," Baba alisema bila kunitazama.

Msichana akaandika namba ya kodi ya mama. Kulikuwa na mapato yoyote mwaka uliopita? Hakuna. Biashara? Alifunga. Basi ni ritani ya sufuri. Karatasi ya risiti ikatoka na jina la mama lote, hata lile la ukoo ambalo sisi watoto tulikuwa karibu kulisahau. Baba akaikunja taratibu, akaitia mfuko wa ndani.

Tulipofika nje nikamshika mkono. "Baba, kwa nini hukutuambia?"

"Niliwasikia wenzangu wakisema asiyejaza hupigwa faini, hata kama hana kitu. Na mama yako alichukua namba alipofungua kile kibanda cha vitambaa." Akaweka sawa koti lake. "Yule hakuwahi kukopa hata chumvi kwa jirani. Sikutaka faini iandikwe kwa jina lake."

Nikamweleza kwamba mtu akifariki, jamaa hupeleka cheti cha kifo na namba ikafungwa.

"Najua," alisema. "Fundi mwenzangu mmoja aliniambia mwaka juzi." Tukatembea hatua chache. "Lakini pale saiba wananiuliza habari ya mama. Nyumbani hakuna anayeniuliza."

Mimi na ndugu zangu tulikuwa tumekubaliana, baada ya matanga, tusimtaje mama mbele yake tusije tukamtonesha kidonda. Kumbe tulimwacha peke yake na huzuni yake, miaka sita, ndani ya nyumba iliyojaa watu.

Mwezi uliofuata yeye mwenyewe akasema twende tukaifunge ile namba. Katika ofisi ya kodi alituhudumia afisa mmoja mwanamke aliyejitanda mtandio wa kijani. Baba akampa cheti cha kifo, kisha, bila kuombwa, akapanga mezani risiti zote za ritani za miaka ile sita. Yule afisa akazipitia moja moja.

"Mzee, ungetuletea cheti mapema, usingehitaji kujaza hizi."

"Naelewa."

"Lakini hukuruka hata mwaka mmoja." Akavua miwani. "Pole sana, baba. Alikuwa akiuza nini?"

Baba akamwambia. Akaeleza jinsi mama alivyopima kitambaa kwa mkono wake, kisha akamwongezea mteja vidole vinne asije akapungukiwa. Watu walikuwa kwenye foleni nyuma yetu, lakini yule afisa hakumkatiza. Baba alipomaliza, afisa akamwonyesha mahali pa kutia sahihi, naye akatia.

Baada ya wiki kadhaa ujumbe ukaingia kwenye simu yangu kwamba namba imefungwa. Nilikuwa napika chapati. Nikamsomea Baba mara mbili.

"Sawa," akasema mwishowe.

Nikazima jiko, nikavuta kigoda karibu naye.

"Baba, mama alikipataje kile kibanda?"

Akanigeukia. "Hukuwahi kuambiwa?"

"Sijawahi. Niambie."

Chapati zikapoa zote.