Kidevu Juu ya Saruji

Mume wangu alipokwenda Mtwara kwenye kazi ya ujenzi aliniachia mtoto wa miaka miwili, mama yake mzazi, na kijibwa cha kulinda geti ambalo halina hata komeo. Alisema miezi mitatu. Huu ni wa tisa, na simu anapokea akijisikia.

Kijibwa kilipofika kama miezi kumi kikatoka vipele kidevuni. Vyekundu kwanza, halafu vikatunga usaha, manyoya yakapukutika. Sikuhangaika kuuliza mtu. Kidevu nakijua mie. Mume wangu kila akinyoa alikuwaga anatoka vipele, na Ijumaa asubuhi namkalisha kwenye stuli uani, namkanda kwa maji moto, nakamua vilivyoiva, nasugua shabu, lile jiwe la vinyozi, namalizia na spiriti. Analalamika mpaka majirani wanasikia. Basi na mbwa nikamfanyia hivyo hivyo. Nikambana katikati ya magoti nikakamua. Hakuning'ata, alitetemeka tu. Na mie, mjinga, nikawa naona raha, maana mikono yangu ilishaikumbuka sana kazi ile.

Siku ya nne kidevu kimeumuka kama andazi.

Mama mkwe alikuwa anafunga safari ya Lindi, kwenye arobaini ya dada yake. Mbwa hamgusi kwa ajili ya udhu wake, lakini alikiona kidevu kwa mbali. Akasema huo ni upele, utamwambukiza mjukuu wake, akirudi asimkute huyo mbwa. Nikamjibu kwamba mbwa ni wa mwanawe, mwenyewe ndiye wa kumtoa.

"Na mwenyewe yuko wapi?" akaniuliza.

Alipoondoka nikambeba mbwa mpaka kwa daktari wa mifugo hapa Tegeta, mama mtu mzima. Nikamwamkia. Akakwangua ngozi kwa wembe, akaangalia kwenye darubini kama kuna wadudu wa upele. Hakuna. Akaniuliza nimempaka nini, nikasema ukweli wote, na kidevu cha mume ndani yake.

"Mumeo alivumilia haya?"

"Alikuwaga analalamika."

"Mbwa atalalamika kwa nani, mwanangu?"

Akanieleza kwamba ni chunusi tu za mbwa anayekua, zimeingia uchafu, na mie nimezichokonoa. Mtoto haambukizwi, ila tunawe mikono. Nisikamue tena, shabu na spiriti marufuku. Nimwoshe kwa dawa na maji ya vuguvugu asubuhi na jioni, nikaushe bila kusugua, nipake dawa ya mrija, na bakuli la plastiki nibadilishe niweke la chuma. Kisha akauliza analala wapi. Nikasema getini, kidevu kwenye saruji, kutwa nzima, tangu aliyemleta aondoke.

"Saruji ndiyo inayomchubua. Mtandikie kitambaa. Kiwe safi, kifuliwe kila siku."

Nikatandika gunia, akalisukuma kwa pua. Nikatandika khanga, akaisukuma. Nyuma ya mlango lilikuwa limetundikwa shati la kazi la mume wangu, sijalifua tangu aondoke. Nilikuwa nalinusa. Sisemi zaidi. Nikalitandika, mbwa akaweka kidevu palepale akafumba macho.

Siku mbili nikajifanya nimesahau neno la daktari la kufua. Usaha ukagandia kwenye kola, vipele vikarudi vyekundu, na mama mkwe alikuwa njiani. Nikalitia shati kwenye beseni la maji ya moto na sabuni. Nilimtukana mume wangu kila nilipofikicha, kwapa zote mbili. Likatoka linanukia sabuni, kama shati la mtu yeyote.

Mbwa alilinusa muda mrefu, mshono kwa mshono. Mwisho akalaza kidevu.

Mama mkwe alirudi kidevu kimekauka, manyoya bado. Alisimama getini na mkoba wake akitazama, si mbwa, shati.

"Umelifua," akasema.

"Nimelifua, mama."

Akaingia ndani. Kesho yake asubuhi, mie namwosha mbwa, akaja na shati lingine la mwanawe, limekunjwa, ambalo sikujua kama analo. Akaliweka kwenye stuli.

"La kubadilishia lile likilowa. Halijafuliwa," akasema, akanipa mgongo. "Lifue wewe."