Dari ya Bibi Nakiete kule Suji

Siku yangu ya kwanza kazini, mjini Same, sikushika nyundo wala skrubu. Fundi Mkuu aliniweka chini ya bodi ya jipsamu, ule unga mweupe ulioshindiliwa katikati ya karatasi mbili ngumu, akaniambia niiegemeze kichwani mpaka amalize kuikaza kwenye fremu ya dari. Alikaza taratibu makusudi. Jioni shingo ilikataa kugeuka, naye akacheka. "Sasa umeajiriwa," alisema.

Kwake nilijifunza timazi, ile kamba yenye uzito inayosema kama ukuta umesimama wima, na namna ya kuziba viungo vya bodi kwa utepe wa wavu. Nikajiona nimeiva. Aliponituma Msangeni, huko milimani, nilipandisha mbao za fremu asubuhi, mchana nikazipigilia. Mwezi haukuisha, dari ikapasuka kila kiungo. Mbao zilizokaushwa na jua la Same zilikuwa zimekunywa ukungu wa mlimani na kuvimba. Fundi Mkuu alinisimamisha chini ya nyufa zile, mwenye nyumba akitazama.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema. "Wewe mbao hukuzipa hata hiyo siku moja."

Niliona aibu ambayo vijana wa leo hamuijui, maana nyinyi mkiharibu mnazima simu.

Suji, nako mlimani, sikwenda na Fundi Mkuu bali chini ya Msimamizi, mtu wa haraka. Nyumba ilikuwa ya Bibi Nakiete, mjane, ya mawe na udongo, aliyojengewa na mumewe. Kuta zilikuwa zimefanya vitambi. Mwanawe mkubwa alitaka kuibomoa ajenge ya matofali. Bibi hakutaka kuondoka. Wakakubaliana tuifunike ndani kwa jipsamu, na ukoo uikague siku ya kipaimara cha mjukuu, wiki sita mbele. Ikionekana imepinda au imepasuka, inabomolewa.

Nililaza mbao na bodi ndani ya nyumba zizoee hewa. Siku ya nne Msimamizi akapanda mlimani kukagua kazi.

"Unatazama mbao mpaka lini? Piga kazi, au namleta mwingine."

"Mlete," nilimjibu. "Ila nyufa zitakuwa zake."

Bibi Nakiete alikuwa mlangoni akimenya ndizi. "Mwache, baba," alimwambia Msimamizi. "Mimi ndiye nitakayeishi humu."

Siku ya tano nilianza. Palipobonyea ukutani nilipachika vipande vyembamba vya mbao nyuma ya fremu, kimoja kimoja, mpaka timazi ikakubali.

Siku ya kipaimara mvua ilinyesha. Yule mwana alizunguka vyumba vyote na tochi, akipapasa kuta kwa kiganja.

"Fundi, hizi bodi umeziunga wapi?"

"Tafuta."

Hakupata. Bibi akaamuru viti viingizwe ndani, wageni wanalowa.

Nimestaafu sasa, mkono hauvuki bega. Nimefunika nyumba nyingi, Same hadi milimani, na najivuna, sifichi. Bibi Nakiete alifariki mwaka jana, chumbani mwake. Baada ya maziko mwanawe aliniita ndani. Nilijua nyumba ni yake sasa, na hakuna tena wa kumzuia kubomoa. Alisimama akitazama dari.

"Fundi," alisema, "mwakani na mimi nastaafu. Narudi kuishi humu."