Siku Bi Kibibi Alipokataa Kuhama

Mwanangu, siku ile naikumbuka kwanza kwa harufu. Upepo wenyewe ulikuwa haujafika na mvua ilikuwa bado ya rasharasha, lakini hori letu hapa Jomvu Kuu, huu mkono wa bahari unaopita nyuma ya nyumba, lilikuwa limeanza kunuka tope la chini, tope jeusi la mikokoni. Wazee walisema bahari ikinuka hivyo, imeshageuzwa kutoka kitakoni. Mimi nilikuwa mke mchanga, hina ya harusi haijafutika miguuni, na nilikuwa sijui kuogopa maji. Siku ile nilijua.

Nakusimulia leo kwa sababu nimekuona tangu asubuhi, wewe na wenzako, mkisomeana kwenye simu habari za kimbunga kinachokuja, mkigawana nyumba za kwenda kuhamisha watu. Vyema. Tahadhari kabla ya athari. Lakini kaa kidogo kabla hujatoka. Maneno ya mtu mzima si marefu sana, ila yataka mtu aliyekaa.

Wakati ule pia kilikuwa kimbunga. Redio ilikitangaza mapema, kwamba kinatoka upande wa Komoro na kinapanda kuja kwetu, na baya zaidi, kitatukuta katika bamvua, yale maji makuu ya mwezi mpevu ambayo hata bila upepo hupanda mpaka kwenye mashina ya minazi. Kipaza sauti cha msikiti kilirudia yale yale kila baada ya sala: walio chini karibu na maji wapande shule ya msingi, kule juu mlimani. Watu wakakaza mabati kwa kamba na mawe. Wakapandisha unga juu ya makabati. Wakajaza madumu ya maji ya kunywa. Nyumba yetu ilikuwa chini kabisa, ukitoka uani wakanyaga mikoko.

Tulikuwa mimi, mume wangu Salim, na bibi yake aliyemlea, Bi Kibibi. Huyu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Nusu ya Jomvu ilijifunza alifu kwake, kwa ulimi wake na kwa bakora yake. Wanaume wenye ndevu za mvi wakipita barazani walisimama wakasema, "Shikamoo, mwalimu," vichwa chini. Magoti yalikuwa hayamchukui tena, lakini akili yake ilikuwa wembe.

Na Salim, ambaye nyinyi mwamjua kama babu mpole asiyepandisha sauti, wakati ule hakuwa huyu. Alikuwa kijana wa nguvu na wa haraka, naye ndiye aliyewaongoza vijana wa kuhamisha watu. Haya nayasema kwa idhini yake. Yeye mwenyewe husema niyaseme.

Asubuhi ile walianza na jirani yetu Mzee Omari, mgane aliyeishi peke yake na mbuzi wake. Mzee Omari akakataa kutoka. Alishika mwimo wa mlango akawa analia maneno, nami nilimsikia kutoka uani petu: "Zizi, wanangu! Zizi!" Hakuna aliyesimama kumsikiliza. Salim alimtia begani kama gunia la makaa, wenzake wakicheka, cheko la mapenzi, si la ubaya, na mtaa mzima ukawapongeza. Walikuwa wakimtoa hatarini. Nani angewalaumu?

Kisha Salim akarudi nyumbani kwa bibi yake.

"Bibi, sasa ni wewe. Twende."

"Mimi siendi."

"Bibi, maji yaja."

"Yaache yaje. Mimi hapa ndipo nilipo."

Alikuwa amekaa kitandani, kajifunika leso juu ya leso ingawa kulikuwa na lile joto zito la kabla ya mvua, uso kaugeuza ukutani. Salim akamsihi. Akamletea imamu, naye imamu akamwambia kwa adabu kwamba mtu haruhusiwi kujitupa kwenye maangamizi. Bi Kibibi akamjibu bila kugeuka, "Hilo nilikufundisha mimi, mwanangu. Nenda kaokoe watu." Wakaja majirani, kila mmoja na maelezo yake. Huyu alisema ni ukaidi wa uzee. Yule alisema hataki kuiacha nyumba ya marehemu mumewe. Salim alisema bibi amechoka kuishi.

Na upepo ukaja. Haukuja kidogo kidogo. Minazi yote ililala upande mmoja, ikakataa kuinuka. Bati la jiko la jirani likang'oka, likapita juu ya ua wetu likilia kama kiumbe. Nilipotazama chini, maji yalikuwa yameingia uani kwa njia ya mfereji, polepole, bila kishindo, yakiwa yamebeba kandambili za watu.

Salim akanijia jikoni macho mekundu. "Nipe lile shuka kubwa. Namfunga nalo, namtoa. Akinilaani, na anilaani."

Shuka nilikuwa nimelishika mkononi, sijui nimpe au nisimpe, pale mlango uliposukumwa akaingia Shangazi Mwanamkuu, binti yake Bi Kibibi, ambaye alikuwa ameolewa Miritini. Alikuwa ametembea mwenyewe kwenye mvua ile. Buibui limemganda mwilini. Akalitazama shuka, akamtazama Salim.

"Wafanya nini na hilo?"

"Shangazi, amekataa. Tumemwambia, tumemwambia, tumechoka."

"Mmemwambia. Mmemuuliza?"

Salim akanyosha mkono kulitwaa shuka.

"Nakuuliza wewe, mwana wa kaka yangu. Tangu asubuhi, yuko hata mtu mmoja katika nyumba hii aliyemuuliza mamangu ana nini? Mmemzunguka wanaume wazima kama watu wa mnada, kila mtu amjibia. Mtu mzima hafungwi shukani kama kuku wa sokoni, Salim. Huyu ndiye aliyekuosha wewe! Toka nje. Toka na wenzako. Nawe, bi arusi, njoo ufunge mlango."

Nikafunga. Nje upepo ulikuwa ukipiga ngumi kwenye mbao, na moyoni nikawa nasema, wallahi huyu shangazi atatuua, wakati wenyewe hatuna. Yeye akaketi chini miguuni mwa mamake kana kwamba ni adhuhuri ya kawaida. Hakutaja kimbunga. Akaushika mkono wake, akauchua, halafu akamtazama usoni.

"Mama, mbona midomo imekauka hivi? Hujanywa maji?"

Bi Kibibi akaivuta leso mpaka kidevuni.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu watangaze habari za shule."

Shangazi akangoja. Mwanangu, kungoja kule ndiko nilikokuona kwa macho yangu, na sijaona ujasiri kama ule. Maji yalikuwa yamekwisha kupenya chini ya mlango. Bi Kibibi akanitazama mimi. "Na huyu naye asikie?"

"Huyu ni mwanao. Siri ya maiti aijuaye mwosha, mama, na waoshaji wako ni sisi."

Hapo ndipo Bi Kibibi aliposema, sauti imemshuka kama ya mtoto. "Haja ndogo hainikai, Mwanamkuu. Nikikohoa yanitoka, nikiinuka yanitoka. Hapa ndani najimudu, najifua alfajiri watu hawajaamka. Kule watanilaza chini katikati ya watu. Yule niliyemfundisha kutawadha, anione nimejilowesha? Nitasali vipi? Hao wote waniita mwalimu. Heri maji ya nje yanikute hapa."

Nilikuwa naishi naye nyumba moja. Nilikuwa nikimsikia akifua leso mapema, nikidhani ni usafi wa watu wa kale. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Shangazi hakumwambia usijali. Hakumwambia hayo si kitu. Aliinuka, akafunga kibwebwe, akaanza kazi. Aliniagiza leso kuukuu, tukazichana, tukazikunja vitambaa vinene. Tukatafuta mfuko wa nailoni, ndoo yenye kifuniko, birika la kutawadhia, na leso mpya za kutundika kama pazia. Akaufungua mlango ufa mdogo.

"Salim! Tuma mtu mbele shuleni atushikie pembe ya darasa, karibu na mlango wa nyuma, afunge kamba ukutani. Na ulete kiti cha mikono. Mama aja."

"Amekubali? Alikuwa na nini?"

"Hilo si lako. Lete kiti."

Kisha akamjazia mamake maji bakuli zima. "Kunywa sasa. Unywe ushibe." Bi Kibibi alilitazama lile bakuli, akamtazama bintiye, akalinywa lote bila kupumua. Hapo nikajua kweli anakwenda.

Tulipotoka maji yalifika kwenye mashavu ya miguu. Salim na mwenzake walikibeba kiti, mimi nimemshika Bi Kibibi kwa nyuma, Shangazi mbele akiijaribu njia kwa mti. Mvua ilikuwa haishuki tena, ilikuja ubavuni kama mchanga wa kutupiwa. Karibu na msikiti nazi ilianguka ikatupita kwa nafasi ya mkono. Pale penye mteremko wa udongo Salim akateleza goti moja, kiti kikaenda upande, Bi Kibibi akapiga ukelele, nami nikamkumbatia kwa nguvu zangu zote. Katika ubaridi ule wa mvua nikasikia joto likinishuka kwenye mkono.

Akageuza shingo akanitazama. Sote tulikuwa tumelowa chapa chapa, kuanzia utosini.

"Mvua kubwa leo, mwalimu," nikamwambia.

Akanitazama tena. "Kubwa kweli," akasema, na akacheka. Tangu niolewe nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka vile.

Tukafika. Tukamvisha nguo kavu nyuma ya pazia la leso, akasali akiwa ameketi, na habari zikaenea kwamba mwalimu yupo. Watu wakawa wanakuja kusimama upande wa pili wa pazia. "Shikamoo, mwalimu." Naye ajibu kutoka ndani, sauti yake ile ile ya chuoni, "Marahaba. Umesali wewe?"

Nilikuwa nikitabasamu niliposikia mama mmoja akiuliza watu kama wamemwona Mzee Omari. Alikuwa ametoka akisema anakwenda kujisaidia, na hajarudi. Salim alikuwa akikamua shati lake mlangoni. Nikamwona akisimama wima, uso umemgeuka rangi.

"Zizi," akasema.

Neno la asubuhi ndio kwanza lilikuwa limemfikia. Akatoka mbio. Nilimkimbilia, Shangazi akanidaka kiunoni, akanishika mpaka nikakosa nguvu. Kutoka mlango ule huoni kitu ila mvua. Kila bati lililopiga kelele huko chini nilisema ni yeye. Nilisoma kila dua niliyoijua, zikaisha, nikazianza upya.

Yaliyotokea aliniambia baadaye. Alimkuta Mzee Omari maji yako kifuani, amekumbatia nguzo ya zizi, midomo myeusi kwa baridi. Mlango wa zizi ulikuwa wazi. Mbuzi alikuwa amekwisha kuwafungulia, nao wamejipandia juu wenyewe, kwani mnyama hahitaji kufundishwa njia ya kilimani. Mzee alimwambia neno moja tu: "Nilikuomba unifungulie zizi, Salim. Hilo tu. Tungekuwa sote shuleni."

Akamrudisha kwa bega lile lile. Alipoingia darasani hakuna aliyempongeza, naye alikuwa akilia mbele za watu, yeye aliyekuwa halii.

Kimbunga chenyewe, walisema baadaye, kilikatika nguvu kabla ya kutufikia. Uliotupiga sisi ulikuwa mkia. Ndani ya nyumba yetu maji yalipita juu ya kitanda cha Bi Kibibi, yakaacha mstari wa tope ukutani. Yeye aliishi miaka mingi baada ya hapo, akafundisha mpaka mama yako. Mzee Omari hakupata miaka hiyo. Baridi ile ilimkaa kifuani, ikawa ni kikohozi na kikohozi. Salim akimpelekea uji kila asubuhi, akimlishia mbuzi wake, na Ramadhani haijaandama tukamzika. Salim alishuka kaburini kumpokea. Sauti yake aliishusha tangu siku hiyo, nanyi mwadhani ndivyo alivyozaliwa.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Mtu akikataa kutoka, usimwite mkaidi mpaka ujue anaogopa nini. Pengine ni jambo dogo machoni pako. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wewe waona pamba tu. Muulize, na usimuulize mbele ya kadamnasi. Mwanamke na aulizwe na mwanamke. Mkubwa na aulizwe na mtu anayemwamini. Ukishauliza, nyamaza, maana aibu hutoka taratibu, haitoki kwa kuhimizwa. Na kwa kuwa kuuliza kwataka muda, nenda mapema, maji yakiwa bado huko yaliko. Yakikukuta mlangoni, hapo mbebe, nguvu Mungu amekupa kwa siku kama hiyo. Lakini hata ukiwa umembeba, lisikie analolilia begani kwako, na kama ni zizi, fungua zizi.

Anza na nyumba za chini. Kwa jirani yetu Bi Zaituni nitakwenda nawe mimi mwenyewe, kuna jambo twajua sisi wanawake.

Mola akutangulie kila mlango utakaobisha. Akupe subira ya kungoja jibu na miguu ya kulitimiza. Asikuonyeshe maji aliyoyaona babu yako, na akurudishe kwetu salama na kila uliyekwenda kumchukua. Amin, mwanangu. Amin.