Nyuzi Tatu za Waya wa Breki

Tumbaku inayokauka haina harufu moja. Siku ya kwanza ndani ya bani, yaani kile kijumba cha matofali cha kukaushia, hunuka kama mboga iliyopikwa bila chumvi. Siku ya tatu huwa tamu, inakaribia asali. Ikishaiva huingia kwenye nguo, kwenye nywele na hata kwenye ugali, mpaka usahau kwamba ni harufu. Mimi niliisahau kwa miaka mingi. Sasa nina umri wa miaka arobaini na mitatu, natafuta riziki Dar es Salaam kwa gitaa la umeme na sauti ambayo mama yangu mwenyewe huiita ya mtu mwenye mafua. Kila nikipanda jukwaani katika baa iliyojaa moshi wa sigara, harufu ile hunirudia, nami huchoka kabla sijafungua mdomo.

Tuliishi kijijini, pembeni ya Ulyankulu, watu wa asili ya Burundi: nyumbani Kirundi, dukani Kiswahili, Jumapili kanisani. Masoko ya tumbaku yalipofunguliwa, mafundi wa mjini walitufuata, maana mkulima aliyeuza tumbaku ndipo hukumbuka kwamba baiskeli yake ni mbovu. Mmoja wao alikuwa Fundi Rajabu wa Gongoni, Mwislamu wa Tabora kindakindaki, mwenye kofia safi na mikono myeusi kwa grisi. Alipenda kusema kwamba babu zake waliihudumia misafara iliyopita njia hiihii kwenda Ujiji, na kwamba yeye anaendeleza kazi ileile, ila wapagazi wa siku hizi wana magurudumu. Alifungua kazi barazani mwa duka la kijiji, nami niliyekuwa na miaka kumi na mmoja nilikaa juu ya sanduku lake la vifaa kila nikitoka shule. Hakunifukuza. Alipokuwa akinyoosha gurudumu aligonga spoki moja moja kwa kucha na kusikiliza. Spoki iliyolegea huimba chini, iliyokazwa huimba juu, na gurudumu likinyooka zote husema neno moja. Baadaye nilikutana na walimu wa muziki wenye vyeti, na hakuna aliyenifundisha zaidi ya hapo.

Baiskeli ya baba ilikuwa na breki za vyuma, kama za wazee wote wa kijiji. Msimu ule Fundi Rajabu alimshawishi azing'oe, amfungie breki za waya. Alisema waya ni mwepesi, haupigi kelele, na ukiushika unakuitika. Baba hakuwa mtu wa kupenda mambo mapya, lakini alimwamini, akawa mtu wa kwanza kijijini kuwa na breki za waya. Wengine walisubiri waone. Wakati huohuo mimi nilikuwa na gitaa langu: kopo la mafuta ya kula la lita tano na ufito niliouchomoa kwenye bani. Nyuzi za mshipi wa kuvulia zilinipa sauti ya mbuzi aliyeshiba. Nilikuwa nimemwona Fundi akiufungua waya wa breki, nikaona kwamba ndani yake kuna nyuzi nyingi nyembamba zilizosokotwa pamoja. Mtu mwenye nyuzi nyingi, nilijiambia, hawezi kukosa tatu. Basi mchana mmoja, baba akiwa shambani, nililegeza nati kwa koleo la jikoni, nikauvuta waya, nikasokotoa nyuzi tatu kutoka mwanzo mpaka mwisho, nikaurudisha na kukaza vilevile nilivyomwona Fundi akikaza. Niliona fahari, nisiseme uongo. Jioni ile kopo langu liliimba kwa mara ya kwanza, kwa ule mkwaruzo ambao watu leo hunilipa ili niwapigie.

Siku tatu baadaye baba alibeba robota la tumbaku kupeleka sokoni. Nchi yetu ni tambarare, lakini kabla ya kalavati kuna mteremko mmoja, na mmoja ulitosha. Waya ulikatika. Tumbaku iliingia majini, na baba akavunjika mkono wa kulia. Haujanyooka tena mpaka leo. Kesho yake alikwenda barazani mkono ukining'inia kwenye kanga ya mama, nami nyuma yake, na nusu ya kijiji nyuma yangu. Aliutupa ule waya miguuni pa Fundi.

"Fundi, ulinifungia kitu gani?"

Fundi Rajabu aliuokota, akauzungusha vidoleni. Kisha aliinua macho, akanitazama mimi. Alinitazama kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeficha mikono mgongoni, machozi yananitiririka.

"Nisamehe, Mzee Gervasi," akasema. "Waya ni wangu, kosa ni langu."

Nilinyamaza. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yangu imefika kutoka Ulyankulu mpaka Dar es Salaam. Wiki ile hakuna aliyempelekea Fundi baiskeli. Watoto wakamwita Breki za Waya. Alifunga sanduku lake kabla msimu haujaisha, akarudi Gongoni, na kijijini kwetu hakukanyaga tena.

Nimerekodi albamu nne. Tatu hazikununuliwa na mtu ila ndugu na wadeni wangu, na watangazaji wa redio waliniuliza kwa upole kama sina kitu cha kuchezeka. Ya pili ndiyo ina wimbo unaojulikana, unaoniwekea chakula mezani: wimbo wa fundi aliyeiona dhambi ya mtoto, akaibeba kichwani kama mzigo wake, akaondoka nayo. Watu huuimba wamefumba macho. Mimi nilikuwa nimejisamehe kupitia wimbo ule. Kama alijua na akachagua, niliwaza, basi ile ilikuwa zawadi, na zawadi hairudishwi. Lakini mwaka huu nimechoka, sauti inakatika katikati ya ubeti, na baba amezeeka bado akimlaani Fundi kila mkono unapomuuma wakati wa mvua. Nikapanda treni.

Nilimkuta Gongoni, barazani kwa mwanawe anayeuza vipuri vya pikipiki. Miwani yake ilikuwa nene. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikajitambulisha kuwa binti wa Gervasi. Kisha nikamweleza yote, kopo, koleo na nyuzi tatu, na mwisho nikamshukuru kwa kunifichia siri. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Siri ipi, mwanangu?"

"Si ulinitazama, Fundi. Ulijua."

"Nilikutazama kwa kuwa ulikuwa unalia. Nikasema, maskini, mtoto anamlilia baba yake." Alivua miwani, akaifuta kwa kanzu. "Macho yangu yalishaanza kuchoka tangu wakati ule, na miwani sikuwa nayo. Nilijua ni mkono wangu. Tangu siku ile sijafunga tena waya wa breki kwenye baiskeli ya mtu. Kazi hiyo nilimwachia huyu mwanangu, mimi nikabaki na kuziba pancha."

Nilikuwa nimebeba maneno ya shukrani kwa mtu wa kwenye wimbo wangu, na mtu huyo hakuwepo. Aliyekuwepo alikuwa mzee aliyekosa imani na mikono yake kwa miaka thelathini na miwili.

"Ulitoa nyuzi ngapi?" akauliza tena, kana kwamba hakusikia vizuri.

"Tatu."

"Tatu," akasema. Alinyoosha mikono yake mbele, akaitazama, upande huu na upande ule. "Kumbe nilifunga vizuri."

Nimeshamwambia baba. Hajanijibu, na kwa simu siwezi kujua kimya chake ni cha aina gani. Zamani nilikuwa na kopo la mafuta na nyuzi tatu za wizi, na sauti iliyotoka ilikuwa ya kweli. Leo nina gitaa zuri nililolinunua kihalali, na Ijumaa watu watakuja kuusikiliza ule wimbo. Wameshalipa viingilio. Nitapanda, nitaupiga mwanzo wake, nao wataimba wenyewe, wamefumba macho, kwamba Fundi alijua.