Pini ya Tano

Mwaka ule wa kungojea uhuru, kila palipolipuka bomu Kisauni, mchora ramani alipaendea kwa miguu akitokea machimbo ya mawe, kulikoibwa baruti. Viatu alivishika mkononi, tasbihi ikipita vidoleni: hatua mia, punje moja. Akirudi ofisini alichomeka pini kwenye ramani, akapuliza vumbi. Machimbo yalikuwa na vijia vitano. Vinne vilikwishapata pini, kila moja mwendo wa punje kumi kutoka machimboni.

“La tano je, litalipuka wapi?” inspekta wa polisi akamwuliza.

Mkono wa mchora ramani, wenye madoa ya wino, ulichomeka pini kwenye kijia cha tano, mwendo wa punje kumi.

“Hapo pana nini?”

“Ni kwangu, bwana. Ficheni askari kijiani. Mimi na wanangu hatuhami. Tukihama tu, hao walipuaji watajua tumewajua.”