Mzigo wa Mama Mkwe

Ashukuriwe Mungu Baba, aliyenipa uzee na kumbukumbu isiyochoka, hata ya mambo ambayo ningependa aniondolee. Naandika nikiwa na shukrani, ingawa hili ninaloandika bado linanichoma uso.

Miaka ile ya chama kimoja, tulipoitana sitwayen, yaani raia, nilikuwa mfunga mizigo katika kiwanda cha kampuni ya serikali hapa Likasi. Mabamba ya shaba yalipangwa juu ya paleti za mbao, nami nikayazungushia mkanda wa chuma, nikaukaza kwa mashine ya mkono mpaka ukalia ukigongwa, kisha nikaubana kwa pete ya bati na kukata ncha. Mizigo yangu ilikwenda kwa treni hadi baharini, na sikupata kusikia kwamba mmoja umefunguka njiani. Nilijivunia hilo hata kanisani.

Mke wangu alikuwa amejifungua binti. Mtoto wetu wa kwanza tulimzika kabla hajajua kukaa, kwa hiyo mama mkwe alisafiri kutoka Kananga, huko Kasai, kuja kumlea huyu wa pili. Alikaa kwetu, mtaa wa Kikula, mpaka mtoto akanona. Katika ukoo wao, bibi humbariki mjukuu saa ya kuondoka, si kabla: humwekea mkono kichwani miguu yake ikiwa tayari njiani. Mke wangu aliungoja mkono huo kuliko alivyoungoja ubatizo. Hakusema kwa nini, wala sikuhitaji kuuliza.

Mimi na mama mkwe hatukusemezana. Ndiyo heshima. Tukikutana mlangoni mmoja alirudi nyuma; chakula nilikula upande mwingine wa nyumba; akiwa na neno, alimwambia binti yake huku mimi nipo nasikia.

"Umuambie mukwe asisumbuke na bintu byangu. Miye iko na kamba."

"Umwambie mama," nikajibu, nikitazama chini, "kufunga ndiyo kazi yangu."

Msimamizi aliniruhusu kuchukua vipande vya mkanda na kuazima mashine. Nikapanga juu ya paleti gunia la unga, mabunda ya nguo, sufuria, na kopo kubwa la maziwa ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelifunika kwa kitambaa. Nikakaza mpaka mkanda ukalia. Majirani wakaja kutazama, nami nikaugonga tena ili wasikie vizuri. Kisha nikairudisha mashine kazini, na siku ya safari tukaipakia paleti kwenye mkokoteni kwenda stesheni.

Shaba haibonyei. Ukiifunga leo, kesho ina unene uleule. Unga na nguo ni kitu kingine: mkokoteni ukiingia shimo hili na lile, mzigo unashuka, mkanda unabaki ukishika hewa. Mtu yeyote angeliona hilo kama angetazama. Mimi nilitembea mbele ya mkokoteni, kifua nje.

Stesheni, wapagazi wawili wakainua paleti. Mkanda ukateleza upande, mabunda yakapasuka, vitu vyote vikamwagika mbele ya wasafiri.

"Sitwayen!" mmoja akapaza sauti. "Ulikuwa nafunga bintu ao ulikuwa nafunga upepo?"

"Wacha yeye," mwenzake akacheka. "Ni muntu wa kampuni. Anajua shaba tu, unga haijui."

Zilimwagika nguo za ndani za mama mkwe, ambazo mimi sistahili kuziona hata kwenye kamba ya kuanikia. Nikageukia ukuta. Kuziokota sikuweza, kuondoka sikuweza. Mke wangu, mtoto mgongoni, alikuwa akikusanya peke yake na mama yake. Ndipo lile kopo likabingirika mpaka kwenye kiatu changu, kitambaa chake kimetoka.

Ndani mlikuwa na sabuni. Siyo miche. Vilikuwa vile vipande vyembamba vinavyobaki bafuni kwetu, ambavyo sisi tulivitupa. Alikuwa ameviokota kimoja kimoja, akavikanda kuwa madonge. Nami chini ya kitanda changu kulikuwa na miche mizima ya posho ya kampuni, imepangwa kama shaba. Sikuwa nimempa hata mmoja. Nilidhani akihitaji atasema. Lakini angemwambia nani? Mkwe haombwi.

Mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi akaona. "Aa, mukwe wa kampuni! Mama anaokota mabaki ya sabuni?" Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Treni ikapiga honi. Mashine sikuwa nayo, kamba sikuwa nayo. Nikafungua mshipi wa suruali yangu, nikamrushia mke wangu bila kugeuka. Akafunga alichoweza, wapagazi wakasukumia mzigo dirishani, mama mkwe akapandishwa. Mimi nilisimama uso ukutani, nimeshika suruali kwa mkono. Nikasikia magurudumu. Halafu nikasikia mke wangu analia, nikaelewa kwamba mkono haukufika kichwani mwa mtoto.

Wiki iliyofuata nilimkabidhi msafiri wa Kasai miche yote ya sabuni iliyokuwa nyumbani. Neno sikutuma. Neno gani?

Ilipita miezi. Mke wangu alimpima mtoto joto kila asubuhi kwa shavu lake. Nilisali, na sala yenyewe niliionea haya.

Kisha msafiri yule akarudi na kifurushi kidogo cha kitambaa kilichonukia sabuni. Ndani palikuwa na mshipi wangu, umekunjwa na kupakwa mafuta. Kwenye kifungo chake ulipitishwa uzi wa shanga za kiunoni za mtoto.

"Mama anasema," akaanza, akijizuia kucheka, "mukono yake ameiweka juu ya hizi shanga. Mutoto avae leo leo. Na mushipi, anasema haikulegea mupaka Kananga. Sasa mukwe afunge patalo yake."

Kusikia suruali yangu ikitajwa, mke wangu alicheka mpaka akakaa chini, akamvisha mtoto shanga huku machozi yanamtoka. Mimi nilitoka nyuma ya nyumba, wakadhani nimekwenda kucheka.

Mtoto yule leo ni mama wa watoto. Mshipi ninao, sijauvaa tena. Na mpaka sasa, sabuni ikiwa nyembamba mkononi mwangu, uso unapata moto hata nikiwa peke yangu.

Wewe uliyenisoma, Bwana akulinde safarini na mizigo yako ifike. Akupe macho ya kuona haja ya mgeni wako kabla hajalazimika kuificha. Amina.