Siku Namba Zilipoitwa Bila Sauti

Binti wa dada yangu tunamwita Kidole, maana anachapa kwa kidole kimoja na bado anawaacha mbali wenye vidole kumi. Kipaji hicho karithi kwangu, ingawa dada anabisha. Mwaka wa tisa huu yuko mapokezi kwenye kliniki ya macho. Akibonyeza, kompyuta inatangaza: "Namba arobaini na mbili, chumba cha tatu." Pale sauti ndiyo kila kitu. Mtu aliyetiwa dawa ya macho haoni skrini hata umpige nayo.

Fundi wa kompyuta wa pale alisoma na Kidole, dawati moja. Jumatatu moja akaja akaondoa ile programu inayochora eneo-kazi: picha ya nyuma, vialama vya kubonyeza, upau wa chini wenye saa.

"Ikiwaka ilete orodha ya wagonjwa tu," alisema. "Watu wanachezea mno."

Kesho yake namba zikapita kwenye skrini, sauti hakuna. Kidole akampigia.

"Ndugu yangu, mashine imekuwa bubu."

"Nakuja sasa hivi. Usimwambie mtu, tafadhali."

Hakuja. Kidole akaita namba kwa koo lake hadi likakauka. Alipotoka kumshika mkono mgonjwa mmoja, bibi mwenye bandeji akapitwa na zamu, akakaa pale mpaka saa nane mchana. Mwanawe akawaka, akaenda kushtaki kwa Matroni, mkuu wa kliniki.

Matroni akawaita Kidole na fundi ofisini. Fundi akasema, macho makavu: "Mashine nimeiacha nzima. Huyu kazima sauti apate kupiga soga."

Matroni akasema Kidole atapelekwa kufua mashuka.

"Mjomba," aliniambia baadaye, "nilimtazama fundi nikisubiri acheke. Nilidhani utani."

Basi akamwambia Matroni, "Nipe dakika tano, mama. Na yeye asitoke."

Wakaenda mapokezi. Akafungua programu ya sauti, ile inayotangaza namba, ikachungulia, ikapotea. "Miaka tisa naiona alama yake ya kipaza sauti kando ya saa," akasema. "Leo saa yenyewe iko wapi?" Akaita orodha ya programu, akaiwasha ile ya eneo-kazi. Upau ukarudi. Akafungua tena ya sauti. "Namba kumi na tisa!" Wagonjwa watatu wakainuka kwa mpigo.

Mimi niliishia darasa la saba, lakini hili nitakufundisha bure. Kompyuta huishi bila eneo-kazi, kama nyumba isiyo na sebule. Ila kuna programu zilizoandikwa na watu walioamini sebule haikosekani. Zikiingia, kwanza zinatafuta msumari wa kutundika koti pale kando ya saa. Zisipouona, zinageuka bila kuaga. Fundi alijua, ndiyo maana aliomba siri.

Matroni akafuta habari ya mashuka. Fundi akamfuata Kidole ukumbini.

"Ungeninong'oneza tu, dada. Sisi si wa dawati moja?"

"Nilikunong'oneza Jumanne. Wewe ukaenda kupaza sauti kwa Matroni."

Nilimwomba Kidole ruhusa nikamzabe fundi kibao kimoja, cha kistaarabu. Akanikatalia. Siku hizi mashine ikigoma, Kidole hapigi simu. Anajaza karatasi, Matroni anatia sahihi, ndipo fundi anaitwa. Akifika, anapewa nakala asaini mbele ya wagonjwa, kisha Kidole anasogeza kiti chake kando na kumwachia nafasi, bila kumuuliza habari za nyumbani.